Mzunguko wa Mia

Mume wangu, Usi Makungu, alikuwa mtu wa Nungwi aliyekuwa akitapika baharini. Nalitaja hili mwanzo kabisa, maana bila ya hili hadithi haina kichwa wala miguu. Ukoo wake wote mabaharia. Kaka yake akapewa kabisa jina la Nahodha, na ingawa kazi yake melini ilikuwa kutia makaa kwenye tanuri, jina lilimtosha. Usi yeye akipanda hata mtumbwi, rangi inamtoka, anashika tumbo, samaki wanakusanyika kungojea chakula. Basi alikimbilia mjini, akajifunza ufundi wa redio kwa Mhindi mmoja, akafungua kiduka chake Mkunazini, chumba kimoja cha chini chenye dirisha la kwenye uchochoro. Juu tukakaa sisi.

Mwaka nnaousema ni elfu moja mia tisa hamsini na tatu. Nilikuwa na miezi minane tangu niolewe, nimetoka Jambiani, nimesoma mpaka darasa la nne, na nilikuwa mzuri. Hili la uzuri hamkuniuliza, lakini waliokuwa wakilijua wamekufa wote, na nisipolisema mie litapotea.

Mambo yote aliyaanzisha Bwana Abrahman. Alikuwa karani mstaafu wa forodhani, mfupi, miwani mizito, na mapenzi yake makubwa duniani yalikuwa pesa za kale, zile za shaba zenye picha ya mizani. Si za kutumia. Za kutazama tu, kuzipangusa, na kuzilaza kwenye pamba kama vifaranga. Yeye na wenzake watano, wote watu wazima wenye wajukuu, kila Jumapili walikwenda pwani moja au nyingine, wanachokora mchanga kwa bakora. Wakipata moja, furaha ya mwezi.

Siku hiyo alikuja kuchukua redio yake, akainama dirishani.

"Shikamoo, Bwana Abrahman," Usi akamwambia.

"Marahaba. Fundi, hebu nikuulize. Redio hii inamsikia mtu aliyeko Misri. Haiwezi kuisikia pesa iliyoko chini ya mchanga?"

"Pesa haisemi, bwana."

"Basi ifundishe."

Alisema kwa mzaha, akachukua redio yake akenda zake. Lakini Usi alibaki kaduwaa, bisibisi mkononi, chai ikapoa mbele yake. Nikajua mume wangu keshapatikana.

Alikwenda kutafuta kwenye marundo ya vyombo vya jeshi vilivyonadiwa baada ya vita, akarudi na chombo kibovu ambacho askari walikuwa wakitafutia mabomu yaliyozikwa. Akakipasua kama mtu anavyopasua samaki. Alinieleza kilivyo, na mie nakuelezeni nilivyofahamu. Ndani mna koili mbili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Moja imefichwa kwenye kasha, ya pili iko chini, ndiyo inayopita juu ya mchanga. Zote mbili zinaimba. Zikiimba sauti moja, masikioni husikii kitu. Ile ya chini ikipita juu ya chuma au shaba, sauti yake inapotoka, na hapo ndipo unaposikia kilio. Mie nikamwambia, "Kumbe ni wake wenza wawili. Wakipatana, nyumba kimya." Usi akasema katika vitabu vyote alivyosoma hakuona maelezo mazuri kama hayo.

Koili ya chini ilitaka duara la mti. Alikwenda kwa fundi wa madufu, akanunua duara la dufu ambalo halijawambwa ngozi. Lakini waya wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, na vidole vya Usi, mtoto wa wavuvi, vilikuwa kama ndizi mzuzu. Aliukata mara tatu. Mara ya nne akanitazama.

"Kazija, mikono yako imezoea kusuka ukili. Nizungushie huu. Mara mia. Si tisini, si mia na kumi. Mia."

"Mia, nshasikia."

Sasa jaribu wewe kuhesabu mpaka mia dirishani Mkunazini, kila apitaye anakuuliza habari za nyumbani. Nikifika arobaini, "Kazija, hujambo?" na arobaini imepotea. Basi nikateremsha tasbihi ya marehemu bibi yangu, nikaiweka mapajani. Kila mzunguko na punje yake. Bibi alinifundisha hivyo tangu sijui hata kuvaa kanga. Nikazungusha, nikamaliza, nikampa mume wangu koili nzuri iliyolala kama ukili wa mkeka wa harusi.

Akaifunga kwenye mpini, akatia betri na zile taa za kioo za redio kwenye kasha, akavaa spika za masikioni. Kimya. Akaipitisha juu ya kisu changu cha jikoni. Ikalia! Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumapili ile Bwana Abrahman aliichukua mashine pwani ya Kiembe Samaki. Asubuhi akapata jembe bovu. Baadaye akapata kifuniko cha sufuria. Alasiri akapata pesa ya mizani, akaibusu pale pale, mchanga na yote. Usi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwenye kasha: SIKIO. Ndilo jina alilolichagua. Lakini mtu akiinama na mpini mrefu, anaupeleka kulia na kushoto juu ya ardhi, watu wanaona wanachokiona. Mtaa mzima wakaliita Fagio la Usi, na Sikio likabaki kwenye rangi.

Wenzake Bwana Abrahman walipoona pesa ile, kila mmoja akataka fagio lake. Sita, pamoja na jipya la Bwana Abrahman mwenyewe, kwani lile la kwanza Usi alikataa kabisa kuliachia. Usi akaacha kupokea redio za watu. Akaniambia, "Kazija, hii sasa ndiyo kazi yangu." Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hizo alikuwa akiimba akikoga.

Ndipo Nahodha akaja.

Meli yake imetia nanga, naye kaja kutusalimia, kanyoa, kanukia. Alinikuta dirishani na duara la dufu na waya mapajani, nataka kuanza koili ya pili. Akasimama, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mdogo wangu, kiwanda hiki chako au cha shemeji?"

Usi akasema, "Ananisaidia tu."

"Ah. Wewe ndiye fundi, yeye ndiye mwenye kufanya. Nimefahamu."

Kisha akaacha kucheka, akatoa salamu za baba yao kutoka Nungwi. Mzee alikuwa kasikia habari za mafagio, na hazikumpendeza. Kijana mzima kaacha kazi anawatengenezea wazee vitu vya kuchezea mchangani. Nahodha keshamtafutia nafasi melini, miaka miwili, meli inaondoka Jumatatu ya wiki ya pili. Neno la mzee lilikuwa hili: Jumapili ya kabla yake mashine zijaribiwe mbele ya Nahodha. Zikifanya kazi, Usi akae na mafagio yake. Zisipofanya, Jumatatu apande meli.

"Nami nitapanda," Usi akasema. Neno la baba halirudishwi.

Nikamtazama mume wangu, mtu anayetapika kwenye mtumbwi, nikahesabu miaka miwili. Na mie, ningerudi Jambiani kukaa kwa mama, kila mtu ananiuliza Usi kaandika nini. Waya ukanidondoka.

Lakini lililomuuma Usi zaidi si meli. Ni lile la kiwanda cha shemeji. Akaninyang'anya duara taratibu, akasema, "Hizi sita nitazizungusha kwa mkono wangu mwenyewe."

Akazizungusha. Alikata waya, akaunga, akaapa, akaanza tena, wiki nzima. Mpaka Jumatano zote sita zikawa tayari. Akavaa spika, akawasha ya kwanza.

Ilipiga kelele. Hakukuwa na chuma wala shaba karibu, nayo inapiga kelele, uiiii, bila kupumua, kama mtoto aliyeachishwa ziwa leo. Ya pili hivyo hivyo. Zote sita. Aliziweka juu ya pesa, uiiii. Aliziweka juu ya godoro, uiiii. Kuna kitufe cha kusawazishia sauti, akakisokota mpaka kikafika mwisho, uiiii. Na ile ya kwanza iko pembeni, imetulia kama mke mkubwa.

Alhamisi alikaa chini katikati ya waya, hajala. Nikamwekea chai, nikakaa naye.

"Umezihesabu vizuri?" nikamuuliza.

"Kazija, usinitie wazimu. Nimehesabu moja, mbili, tatu, mpaka mia. Kila moja mara mbili."

"Na ule wa mwisho?"

"Wa mwisho nini?"

"Mzunguko wa mia. Uliuzungusha?"

Akanitazama kwa macho mekundu. "Sasa ulitaka niufanye nini? Niusome?"

Mie nikamsogezea chai. Ndivyo hasa nilivyofanya.

Tasbihi ya bibi ina punje tisini na tisa. Subhanallah thelathini na tatu, Alhamdulillah thelathini na tatu, Allahu Akbar thelathini na tatu. Na ya mia haina punje. Ya mia husemwa kwa ulimi: Laa ilaha illallah, na mia yako imetimia. Ndivyo bibi alivyonifundisha, na ndivyo nilivyozungusha. Mizunguko tisini na tisa nikaitia kwenye duara, wa mia nikautamka nikaweka mikono chini. Mungu aliuhesabu, waya haukuuhesabu.

Kwa nini mia isifae na tisini na tisa ifae, Usi mwenyewe alikuja kulipata baadaye. Kitabu chake kilitaja duara la kizungu, naye alitumia duara la dufu, ambalo ni pana kidogo. Upana ule ulikula mzunguko mmoja. Lakini siku ile mie sikujua haya. Nilijua tu kuwa yangu imetulia na zake zinalia.

Mtasema, kwa nini hukumwambia? Mmepata kuolewa nyinyi? Mtu kaninyang'anya duara ili asiambiwe kiwanda ni cha mkewe. Nimwambie kuwa mashine yake pekee iliyofanya kazi ilifanya kazi kwa kosa, na kosa lenyewe la mkewe? Angepanda meli Ijumaa, asingengoja Jumatatu.

Ijumaa alikoga, akavaa kanzu, akenda msikitini. Nikausikiza mlango ukifungwa. Nikateleka wali, na kwenye makaa hayo hayo, ubavuni mwa sufuria, nikakichomeka kile chuma chake cha kuungia waya. Nilikuwa nimemtazama akikitumia miezi minane. Watu hudhani mwanamke anayemtazama mumewe akifanya kazi anamtazama mumewe.

Nikafungua ncha ya koili ya kwanza katika zile sita, nikatoa mzunguko mmoja, nikakata. Nikakwangua ncha mpya kwa wembe mpaka shaba ikang'ara. Nikauunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, moshi ukaniingia puani, ukaingia na kwenye wali. Nikavaa spika, nikawasha.

Kimya. Kimya kitamu, kama nyumba wageni walipoondoka. Nikapitisha kisu. Ikalia.

Nikawahi na nyingine. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ilinichoma kidole, alama hii hapa. Niliposikia watu wanatoka msikitini, ya sita ilikuwa bado ina moto.

Nikabaki na vipande sita vya waya. Kuvitupa nisingeweza, Usi alikuwa anajua kila unywele wa shaba uliomo dukani. Basi nikavisuka. Nyuzi sita, ukili mwembamba kama wa pambo la kawa, nikaukunja ukawa bangili, nikaivaa juu mkononi chini ya nguo. Kitu kilichofichwa mwilini mwa mke, nikajiambia, mume hakitafuti dukani.

Usi akala tonge mbili, akasita.

"Wali huu unanuka duka langu."

"Duka lako ndilo linalonuka wali wangu."

Akateremka. Nikahesabu kimoyomoyo, na sikufika ishirini.

"Kazija! Kazija, njoo! Zimetulia!"

"Zote?"

"Zote sita! Jana zinalia, leo zimetulia!"

"Huenda zimesikia hutuba."

Hakucheka. Alikuwa keshaanza kupata sababu: vanishi ya waya ilikuwa mbichi, sasa imekauka, alijua tangu mwanzo kuwa ni vanishi. Mwanamme akishukiwa na muujiza huutafutia fundi, na fundi wa kwanza anayemwona ni yeye mwenyewe. Nikamwambia hongera. Niliisema kwa moyo wote, Wallahi. Jumatatu ilikuwa imenitoka kifuani.

Jumapili tulikwenda Jambiani, kwetu. Maji yamekupwa, pwani nyeupe, na wanawake wako chini huko wanafukua makumbi ya nazi waliyoyazika mchangani yaoze wapate kusokota kamba. Bwana Abrahman na wenzake wakajipanga sita, kila mtu na fagio lake, spika masikioni, suruali zimekunjwa magotini. Nahodha alikaa juu ya jiwe, mikono kifuani, saa mfukoni.

Shangazi yangu, Bi Sichana, alinyanyuka kutoka kwenye shimo lake la makumbi, akashika kiuno.

"Kazija! Mkwe wetu kahamia kazi ya kufagia pwani?"

"Naam, shangazi. Kaambiwa mchanga wenu mchafu."

"Basi aanze na kwa mama yako!"

Wanawake wakaangua kicheko. Usi akafanya hasikii. Na papo hapo fagio la Bwana Abrahman likalia, pembeni mwa shimo la shangazi. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Kikatoka kisu, kimeota kutu.

"Hicho changu!" shangazi akapiga kelele. "Kimepotea tangu mwaka jana, nikamtukana Mmanga wa watu kwa ajili yake! Lete hapa. Jamani, hiki kifagio kina akili."

Baadaye likalia la pili, likalia la nne. Msumari wa chombo, pete ya bati, kisha pesa moja ya mizani, kijani kama jani la mchicha. Wazee wale waliruka. Mmoja wao, babu wa wajukuu tisa, alikimbia mpaka majini na kurudi. Nahodha akateremka jiweni, akajikuna kichwa.

"Haya," akamwambia Usi. "Nitamwambia mzee zinalia."

Hapo ingekuwa mwisho wa hadithi, lau si kiu. Mama kaniambia niwapelekee madafu. Nikateremka nayo, nikamnyooshea mume wangu dafu lake kwa mkono wa kulia, naye ana lile fagio lake la kwanza mkononi na spika masikioni.

Fagio likalia. Likalia kweli kweli, hata mie nisiye na spika nikalisikia. Usi akarudi nyuma, likanyamaza. Akasogea, likalia. Akalipandisha taratibu kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko changu, na hapo likapiga ukelele.

"Fundi," Bwana Abrahman akasema, "mashine yako imemkamata mwizi."

"Kazija," Usi akasema. "Umevaa nini?"

Nifanye nini? Nikapandisha mkono wa nguo. Akaishika ile bangili, akaigeuza juani. Anaujua waya wake kama mama anavyomjua mwanawe. Nikaona midomo yake inahesabu nyuzi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akazitazama mashine sita. Akanitazama mie, na kidole changu kilichoungua.

"Ule wali," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Kila moja umetoa ngapi?"

"Mmoja mmoja."

"Tisini na tisa?"

"Wa mia husemwa," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Ndivyo nilivyohesabu ya kwanza. Nilihesabu kwa tasbihi ya bibi."

Nahodha alikuwa keshasogea, sikio kalitega, kicheko kinamngoja mlangoni. Nami nilikuwa sioni tena pwani. Niliona meli. Nilijua mume wangu akitahayari mbele ya kaka yake na mbele ya watu hawa, atasema basi, napanda, mashine zenyewe si zangu.

Usi akavua spika. Akalilaza fagio mchangani.

"Mabwana," akasema, "nilikuambieni ni vanishi. Haikuwa vanishi. Koili hizi nilizizungusha mie, zikawa zinalia hovyo. Aliyezituliza ni huyu. Na ile ya kwanza, iliyopata pesa Kiembe Samaki, ni yake tokea mwanzo." Akamgeukia Nahodha. "Uliniuliza kiwanda cha nani. Sasa umejua. Kamwambie na baba."

Nahodha akanisogelea. Kisha akanyoosha mkono akachukua lile dafu lililokuwa la Usi, akalinywa. "Nami nitamwambia," akasema, "mke kama huyu haachwi nchi kavu peke yake. Meli itaondoka bila wewe." Na iliondoka.

Tulitengeneza mafagio arobaini na moja mpaka mwaka wa hamsini na tisa. Mengine yalikwenda Pemba, mengine Mombasa, moja lilichukuliwa na daktari mmoja akaenda nalo Bombay. Kisha zile taa za redio zikawa hazipatikani, redio ndogo zisizo na taa zikaingia, na wazee wetu wa Jumapili wakaanza kupungua mmoja mmoja. Usi akarudi kwenye redio, hakulalamika. Ukikuta popote kasha kuukuu lililoandikwa Sikio, lifungue. Ndani, ubavuni, utaona tisini na tisa kwa tarakimu za Kiarabu. Mkono ni wa Usi. Koili ni zangu.

Bangili sikuivua. Usi aliniomba mara nyingi, maana nikipita karibu ninamharibia majaribio. Nikamwambia mahari yako haikuwa na kitu kizuri kama hiki. Basi ikawa desturi ya nyumba. Yeye amekaa dukani, kaupa mlango mgongo, spika masikioni, hasikii la mtu wala la muadhini. Mie nateremka na chai, natembea pole pole kwa kusudi, nanyoosha mkono nyuma ya mgongo wake. Fagio linalia. Naye, bila ya kugeuka, anaitikia:

"Naam, Kazija."